Namba ya Volti Katika Sigara ya Umeme: Inasema Nini na Inaficha Nini

Katika maduka ya miji ya China, Uingereza na Marekani huuzwa kifaa chembamba chenye umbo la kalamu nene, ambacho kwenye kitako chake kina gurudumu dogo la kuzungusha lenye namba zinazoanzia 3.2 na kuishia 4.8. Hiyo ni sigara ya umeme ya bei nafuu ambayo volti zake zaweza kubadilishwa. Mnunuzi huambiwa kwamba akilizungusha gurudumu kuelekea namba kubwa atapata mvuke mwingi zaidi na wa moto zaidi, na kwamba kifaa chenye namba ni bora kuliko kile kisicho nazo. Madai hayo yana ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayohusu mapafu ya mvutaji na usalama wa mfuko wa suruali yake. Fizikia ya kidato cha pili na cha tatu yatosha kuipata nusu hiyo.

Hapana budi jambo moja liwekwe wazi kabla ya kuendelea. Kimiminika kinachochemshwa ndani ya kifaa hiki aghalabu huwa na nikotini, dawa ile ile inayomfunga mvutaji kwenye tumbaku, na ubongo wa kijana ambaye bado anakua hunaswa nayo upesi kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo mwanafunzi hana haja ya kukinunua, bali ana haja ya kukielewa. Hata serikali za dunia hazikubaliani juu yake. Uganda ilikipiga marufuku kwa sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015. England, kwa upande wake, ilitangaza mwaka 2023 mpango wa kuwagawia bure wavutaji milioni 1 ili waache sigara za moto, huku ikikataza kumuuzia mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Mtu mzima wa Manchester au Leeds anayetaka kuachana na pakiti yake ya kila siku, naye hana fedha nyingi, ndiye mnunuzi anayefikiriwa katika makala haya. Je, atapimaje kama kifaa cha bei nafuu alichoshika mkononi kinatenda kile kinachoandikwa juu yake?

Asili na sehemu zake

Wazo la sigara isiyowaka si la jana. Herbert A. Gilbert wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, aliomba hataza ya kifaa cha namna hiyo mwaka 1963 na akapewa mwaka 1965, ila hakupata kiwanda cha kukitengeneza. Kifaa kinachojulikana leo kilibuniwa na Hon Lik, mfamasia wa China, mwaka 2003. Mwanzoni yeye hakutumia waya wa moto. Alitumia kipande kinachotetemeka kwa kasi kubwa mno kikakivunja kimiminika kuwa ukungu. Waya ulikuja baadaye kwa kuwa ni rahisi na rahisi zaidi kutengeneza kwa wingi, na matatizo mengi yanayoelezwa hapa yaliingia pamoja nao.

Sehemu kuu ni nne. Kuna betri, aghalabu seli moja ya lithiamu. Kuna sakiti ndogo ya kielektroniki inayopandisha au kushusha volti. Kuna koili, yaani waya mfupi uliozungushwa, ambao hupata moto kitufe kinapobonyezwa. Na kuna utambi wa pamba unaopita katikati ya koili, ukinyonya kimiminika kutoka kwenye tangi kama vile utambi wa taa ya chemli unavyonyonya mafuta ya taa.

Kimiminika chenyewe ni mchanganyiko wa propilini glaikoli, ambayo huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, na glisarini, ambayo huchemka kwenye nyuzi 290 hivi. Humo hutiwa nikotini na vionjo. Hapa mwalimu aweza kuwakumbusha wanafunzi juu ya sufuria ya wali. Maadamu maji yamo, hata kuni zikichochewa namna gani, halijoto ndani ya sufuria haipandi sana juu ya nyuzi 100, kwa sababu joto lote linaloongezwa huchukuliwa na maji yanayogeuka mvuke. Maji yakiisha, halijoto hupanda ghafla na wali hushika ukoko, kisha huungua. Koili hufuata kanuni hiyo hiyo. Utambi ukiwa umelowa vizuri, waya hukaa karibu na halijoto ya kuchemka kwa kimiminika. Utambi ukikauka, waya hupanda mamia ya nyuzi ndani ya sekunde chache, na kile kimiminika kidogo kilichobaki hakichemki tu, bali molekuli zake huvunjika. Glisarini na propilini glaikoli zikivunjika hutoa formaldehaidi, asetaldehaidi na akrolini. Ya kwanza husababisha saratani, na ya mwisho huwasha na kuumiza njia ya hewa.

Basi swali la msingi kwa kila sigara ya umeme ni hili: joto linaletwa kwa kasi gani, na kimiminika kinaletwa kwa kasi gani? Namba ya volti haijibu swali hilo.

Volti, ukinzani na wati

Kasi ya kuleta joto ni nguvu ya umeme, ambayo hupimwa kwa wati. Kwa kuwa mkondo wa umeme ni volti ikigawanywa kwa ukinzani, nguvu ni mraba wa volti ukigawanywa kwa ukinzani. Ukinzani wa koili zinazouzwa kwa ajili ya vifaa hivi vya bei nafuu huwa kati ya omu 1 na omu 3 hivi, na mnunuzi huweza kubadilisha koili apendavyo.

Na ichukuliwe mifano mitatu. Volti 5.0 zikipita katika koili ya omu 3.0, nguvu ni wati 8.3. Volti hizo hizo zikipita katika koili ya omu 1.2, nguvu ni wati 20.8, yaani mara mbili na nusu. Sasa gurudumu lirudishwe hadi volti 3.3 na iwekwe koili ya omu 1.0: nguvu ni wati 10.9. Kwa maneno mengine, mvutaji aliyeweka namba ndogo, akidhani anajihadhari, anapata moto mkali zaidi kuliko mwenzake aliyeweka namba kubwa. Hii ndiyo sababu vifaa vya bei ya juu kidogo huandika wati badala ya volti: kompyuta ndogo iliyomo ndani hupima ukinzani wa koili na kuchagua volti yenyewe.

Mnunuzi wa kifaa cha gurudumu hana kompyuta hiyo, lakini aweza kupima ukinzani kwa mita ya kawaida ya fundi wa redio. Aangalie jambo moja ambalo wengi hulisahau: nyaya za mita zenyewe zina ukinzani. Ncha mbili za mita zikigusishwa, mita ya bei nafuu huonyesha omu 0.2 au zaidi badala ya sifuri. Kwenye kinzani ya omu 1,000 kosa hilo si kitu; kwenye koili ya omu 1.2 ni sehemu moja ya sita ya jibu zima. Hapana budi litolewe.

Hata wati zenyewe hazimalizi habari, kwa sababu joto hutoka kwenye waya kupitia uso wake. Zichukuliwe koili mbili za aloi ya chuma, kromi na aluminiamu, ile inayotumika sana kazi hii, ambayo ukinzani wake ni omu 1.45 kwa kila mita moja ya waya wenye eneo la milimita moja ya mraba. Zote mbili ziwe na ukinzani wa omu 1.5. Ya kwanza ni ya waya wenye kipenyo cha milimita 0.32, hesabu yaonyesha kwamba urefu wake lazima uwe milimita 83, na uso wake ni milimita za mraba 84. Ya pili ni ya waya wa milimita 0.20, urefu wake ni milimita 32 na nusu tu, na uso wake ni milimita za mraba 20. Mita ya ukinzani haioni tofauti yoyote kati ya koili hizi. Zikipewa wati 10 kila moja, waya mnene hupitisha wati 0.12 kwa kila milimita ya mraba ya uso wake, na waya mwembamba wati 0.49. Ni mara nne. Mwembamba ndio utakaoukausha utambi kwanza.

Ubishi wa volti 5

Mwezi Januari 1915 hakukuwa na sigara ya umeme, lakini miaka 100 baadaye kamili, yaani Januari 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State katika jimbo la Oregon walichapisha barua fupi katika jarida la tiba la New England. Walikuwa wameiendesha sigara ya umeme ya volti za kubadilishwa kwa mashine. Kwenye volti 3.3 hawakuona dalili ya formaldehaidi iliyojificha ndani ya ukungu. Kwenye volti 5.0 walipata wastani wa mikrogramu 380 katika kila mikupuo 10 ya kuvuta, wakakadiria kwamba mtu anayevuta hivyo kwa miaka mingi angekuwa na hatari ya saratani itokanayo na formaldehaidi mara 5 hadi 15 kuliko mvutaji wa sigara ya kawaida. Habari hiyo ilienea duniani, na watu wengi walibaki na namba moja kichwani: volti 5 ni sumu, volti 3.3 ni salama.

Msomaji aliyefuata hesabu za hapo juu ataona mara moja kwamba kanuni hiyo haiwezi kusimama. Volti 5 katika koili ipi? Mwaka huo huo Konstantinos Farsalinos, daktari wa Ugiriki, pamoja na wenzake waliwapa wavutaji 7 wenye uzoefu vichwa viwili vya koili vilivyoundwa tofauti, wakapandisha nguvu hatua kwa hatua hadi wati 10. Katika kichwa cha kwanza wavutaji wote walilalamika juu ya ladha kali ya kuungua kwenye wati 9 na 10, na hapo ndipo formaldehaidi na jamii yake zilipopanda kwa ghafla na kwa wingi. Katika kichwa cha pili, chenye utambi ulionyonya vizuri zaidi, hakuna aliyeonja kuungua hata kwenye wati 10, na kemikali hizo zilibaki chini. Wati zile zile, matokeo mawili.

Farsalinos alihitimisha kwamba hakuna mtu anayeweza kuvuta kwa hiari mvuke ulioungua, kwa hiyo mashine ya Portland ilipima kitu ambacho binadamu asingekivumilia. Watafiti wa Portland hawakukubali. Mwaka 2018 walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba formaldehaidi nyingi yaweza kutokea pia katika hali ambazo wavutaji hawakuzilalamikia. Kwa mwanafunzi wa sayansi ubishi huu una faida kuliko jibu lenyewe, kwa kuwa unaonyesha jinsi kipimo kilichofanywa kwa uangalifu kinavyoweza kugeuka kanuni mbovu pale namba moja inapong'olewa kutoka katika masharti yake.

Wala formaldehaidi si hatari pekee. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walichunguza vifaa 56 vya wavutaji wenyewe, wakakuta risasi, nikeli na kromi katika ukungu kwa viwango vikubwa kuliko vilivyokuwamo katika kimiminika kabla hakijagusa koili. Metali hizo, basi, zilitoka kwenye kifaa. Ama maradhi ya mapafu yaliyozuka Marekani mwaka 2019, ambayo hadi Februari 2020 yalikuwa yamewalaza hospitali au kuwaua watu 2,807, miongoni mwao wakiwamo 68 waliokufa, chanzo chake kikuu kilionekana kuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa na dondoo ya bangi na kuuzwa kwa magendo. Hapo volti hazikuwa na kosa, na ni vizuri kutozichanganya habari hizi mbili kama inavyofanywa mara nyingi.

Wastani unaodanganya

Kuna udhaifu mwingine wa vifaa vya bei nafuu, hasa vile vya miaka ya 2011 hadi 2014, ambao ni somo zuri la umeme. Kupata volti 4 thabiti kutoka kwenye betri kunahitaji sakiti yenye sehemu kadhaa za gharama. Njia ya mkato ni kutengeneza volti moja kubwa, tuseme 6, kisha kuiwasha na kuizima upesi upesi. Ikiwa imewashwa theluthi mbili za muda na kuzimwa theluthi moja, wastani ni volti 4, na kiooni huandikwa 4.0. Mnunuzi akiweka mita ya volti, nayo yamwonyesha 4.0 vilevile, kwa kuwa mita ya kawaida ya mkondo mnyofu hupima wastani. Kila kitu kinaonekana sawa.

Lakini joto halifuati wastani wa volti. Hufuata wastani wa mraba wa volti. Koili iwe ya omu 2. Volti 4 thabiti zingetoa wati 8. Volti 6 zingetoa wati 18, na kwa kuwa zipo theluthi mbili za muda, wastani wa nguvu ni wati 12. Kifaa kinachosema 4.0 kinapasha joto kama volti 4.9, ambacho ni kipeuo cha pili cha 24. Nyongeza ya nusu nzima ya joto imepita mbele ya mita bila kuonekana, na mvutaji hujua tu kwamba kifaa kipya kinaunguza koo kwenye namba ile ile ambayo kifaa chake cha zamani kilikuwa baridi.

Mafundi huitambua hila hiyo kwa osiloskopu. Asiye na osiloskopu aweza kutumia balbu. Balbu ndogo ya tochi yenye kustahimili volti 6 iunganishwe kwanza kwenye chanzo thabiti cha volti 4 na mng'aro wake uangaliwe, kisha iunganishwe kwenye chanzo kinachochunguzwa. Nyuzi ya balbu, kama koili, haijui wastani wa volti, inajua joto. Ikiwaka kwa mng'aro zaidi, mita imedanganywa. Ni ajabu kidogo kwamba balbu ya bei ya chini yaweza kusema kweli pale ambapo mita yenye tarakimu nne imeshindwa, ila kila kipimo hujibu swali lake tu.

Betri

Seli ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, hutumika kwa muda mrefu ikiwa karibu na 3.7, na haifai kuachwa ishuke chini ya 3 kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo gurudumu likiwekwa kwenye 4.8, sakiti lazima ipandishe volti, na kupandisha volti hakufanywi bure. Tuseme koili ya omu 1.5 inapewa volti 5.0. Mkondo ndani ya koili ni ampea 3.3, na nguvu ni wati 16.7. Ikiwa sakiti inapoteza asilimia 15 ya nishati na betri imeshuka hadi volti 3.4, basi betri inatakiwa kutoa ampea 5.8, karibu mara mbili ya mkondo unaoonekana kwenye koili. Kwa seli ndogo ya milliampea-saa 650, kama zile za kalamu nyembamba, huo ni mkondo ambao ungeikausha kabisa kwa dakika 7 kama ungeendelea bila kukoma.

Hapo ndipo ukinzani wa ndani wa betri unapoingia. Seli ya volti 4.2 yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.1, ikiunganishwa moja kwa moja na koili ya omu 1.5, hutoa volti 3.9 kwenye ncha zake. Seli hafifu au iliyochakaa yenye omu 0.3 hutoa 3.5 tu, na ndani yake yenyewe huunguza wati 1.6, yaani inajipasha moto. Kwa sababu hiyo kupima volti za kifaa kisichobeba mzigo ni kazi bure. Kipimo chenye maana hufanywa kinzani imara ya omu 1.5 au 2 ikiwa imeunganishwa mahali pa koili, mara ya kwanza betri ikiwa imejaa, na mara ya pili ikiwa imebaki nusu. Kifaa kizuri hutoa karibu namba ile ile mara zote mbili. Kibaya huanza na 4.8 na kuishia 3.6 bila gurudumu kuguswa.

Maandishi ya uwezo wa betri nayo yaweza kuhakikiwa kwa hesabu. Milliampea-saa 650 kwa volti 3.7 ni wati-saa 2.4, yaani jouli 8,700 hivi. Mkupuo mmoja wa sekunde 4 kwenye wati 8 hula jouli 32. Hata kama hakuna kinachopotea, mikupuo haizidi 270. Tangazo linaloahidi 600 kwa moto huo halikupigiwa hesabu. Kuhusu seli kubwa zinazoweza kutolewa, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zilizo bora kwa kawaida hubeba milliampea-saa 3,500 hivi na huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Zipo zinazouzwa zikiwa zimeandikwa 9,900. Mizani ya maabara ya shule yatosha kuzitia aibu, kwa maana nyingi za hizo ni nyepesi kuliko inavyopasa. Hesabu hii haihusu wavutaji peke yao: seli hizo hizo zimo ndani ya tochi na ndani ya betri za kuchajia simu zinazouzwa Afrika Mashariki, nako pia maandishi ya ganda hukua upesi kuliko yaliyomo.

Betri ya lithiamu ikizidiwa na mkondo haizimiki kwa upole. Kimiminika kilichomo ndani yake huwaka, na kwa kuwa kifaa ni bomba la chuma lililozibwa, gesi hutafuta njia ya kutokea kama risasi katika mtutu. Ripoti ya idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia moto ilihesabu matukio 195 ya kulipuka au kuwaka kwa sigara za umeme yaliyoandikwa na vyombo vya habari kuanzia mwaka 2009 hadi mwisho wa 2016. Watu 133 waliumia, 38 kati yao vibaya sana. Mengi yalitokea kifaa kikiwa mfukoni, mdomoni au kikichajiwa. Seli ya ziada iliyotiwa mfukoni pamoja na funguo ni hatari ya peke yake, kwa sababu funguo zikiunganisha ncha zake hakuna koili wala sakiti ya kuzuia chochote; makumi ya ampea hupita mara moja.

Kwa hiyo mnunuzi wa kifaa cha bei nafuu anafanya vema kuuliza juu ya kinga kabla ya kuuliza juu ya namba za gurudumu. Je, kinakata umeme koili ikiwa na hitilafu na ncha zikagusana? Je, kinajizima kitufe kikibaki kimebonyezwa kwa sekunde 10 hivi? Je, kina tundu la kutolea gesi? Je, kitufe chafungika, ili kisijibonyeze chenyewe ndani ya mfuko? Kifaa kisicho na sakiti yoyote, ambacho huunganisha betri na koili kwa kitufe kitupu cha chuma, chaweza kupendwa na wanaojiita mafundi, lakini hakimfai mtu ambaye hawezi kufanya hesabu zilizotangulia kila anapobadilisha koili.

Jaribio la darasani

Somo hili halihitaji sigara ya umeme wala seli ya lithiamu, na zote mbili zisiingizwe maabarani. Vinahitajika waya wa nikromi wa geji 26 na wa geji 32, seli 2 au 3 kubwa za tochi, amita, voltimita, nta ya mshumaa na ubao mkavu wenye misumari.

Wanafunzi wakate vipande viwili vyenye ukinzani sawa wa omu 2. Kwa hesabu, waya mnene utakuwa na urefu wa sentimita 30 hivi na mwembamba sentimita 11, lakini wapime wenyewe, wakikumbuka kuondoa ukinzani wa nyaya za mita. Vipande vifungwe mfululizo juu ya misumari, ili mkondo mmoja upite katika vyote, na juu ya kila kimoja kibandikwe kipande cha nta kilicho sawa na mwenzake. Kabla ya kufunga swichi kila mwanafunzi aandike ni nta ipi itakayoyeyuka kwanza na kwa nini. Kisha swichi ifungwe, volti kati ya ncha za kila kipande zisomwe, na muda uhesabiwe kwa saa. Waya usiguswe kwa kidole.

Voltimita itaonyesha volti karibu sawa kwenye vipande vyote viwili, na amita ni moja. Kwa hiyo wati ni sawa. Nta ya waya mwembamba itayeyuka mapema, na ya waya mnene huenda isiyeyuke kabisa kwa seli 2. Waliotabiri kinyume, kwa kuwa walizoea kusema kwamba nguvu sawa huleta halijoto sawa, wapewe rula na mikromita, wapime urefu na kipenyo cha kila waya, na wakokotoe wati kwa kila milimita ya mraba. Baada ya hapo mkufunzi adondoshe matone machache ya maji kwenye kipande cha uzi wa pamba kilichozungushiwa waya mwembamba, swichi ikiwa imefungwa, na darasa liangalie ni kwa muda gani nta iliyobandikwa upya kando yake itangoja kabla ya kuyeyuka: kwanza uzi ukiwa umelowa, kisha ukiwa unakauka.